Bwawa la samaki nyuma ya nyumba hapa Tabora: udongo, nailoni, turubai au saruji?

Shemeji yangu yuko Urambo, juzi kanipigia jioni anasema shem nimeshachimba, shimo la mita 6 kwa 4, sasa niambie niweke nini ndani maji yasikimbie, na bajeti ujue ni ya mtu ambaye hela ya tumbaku bado haijaingia. Nikacheka. Nikamwambia we umeanza na jembe, ungeanza na ndoo. Hakunielewa, na salio likamwishia katikati ya maelezo, ko naandika kwa urefu ili na nyie wengine mnaoniuliza kila siku kipi bora kati ya udongo, nailoni, turubai na saruji msome mara moja mniache nipike.

Ndoo maana yake hii. Kabla hujanunua kitu chochote chimba kashimo kanakokufika kiunoni, asubuhi ukajaze maji mpaka juu. Jioni yatakuwa yameshuka, hiyo kawaida, udongo unakunywa kwanza. Jaza tena, funika na matawi ulale. Asubuhi ukikuta mengi yapo, udongo wako unashika maji na pengine huhitaji kununua hata turubai. Ukikuta pakavu basi jua shimo lako ni chujio. Mi wakati nafanya kwangu sijamaliza hata chai, maji hayapo. Tabora ndo ilivyo, juu kwenye miinuko ambako tumejenga nyumba ni kichanga, mfinyanzi mzuri uko mabondeni kwenye mbuga ambako watu wanalima mpunga, ko mwenye nyumba hana udongo na mwenye udongo hana nyumba.

Na kwa nini nang'ang'ania hili la kushika maji, sikiliza hesabu. Bwawa la mita 6 kwa 4 lenye maji ya kina cha mita 1 linabeba lita 24,000, yaani dumu za lita 20 zipatazo 1,200. Kujaza mara moja unaweza, mvua inasaidia, bomba linasaidia. Sasa bwawa likivuja sentimita 5 tu kwa siku, ambazo kwa macho huwezi hata kuziona vizuri, hizo ni lita 1,200, dumu 60 kila siku ya Mungu. Jua lenyewe la Septemba na Oktoba linaweza kukuondolea kama nusu sentimita, dumu 6, hiyo utavumilia. Ko unapolinganisha bei za kutandika bwawa usiangalie bei ya dukani peke yake, angalia na hizo dumu 60. Shimo la bure ndo lililonila hela kuliko yote niliyowahi kuwa nayo.

Bei za vitu sitaziweka maana saruji ya mjini si saruji ya Sikonge, na turubai linapanda kila ukigeuka. Nakupa idadi, bei utaulizia mwenyewe.

Tuanze na udongo mtupu. Wengi wanaudharau wakidhani ni wa kizamani, mi nasema kama ardhi yako inashika, hakuna kinachoushinda. Samaki wanalelewa na tope. Unaweka samadi kidogo, maji yanakuwa ya kijani, vijidudu na mwani vinazaliana chini kule, sato anajilia, we unaongezea pumba tu. Kwenye turubai na saruji hicho chakula cha bure kinapungua sana maana hakuna tope, ko pumba, mashudu ya alizeti na vumbi la dagaa wa Kigoma vyote vinatoka mfukoni mwako.

Kuujua udongo wenyewe mi nilifundishwa na bibi mmoja anayefinyanga vyungu, si mtaalamu wa samaki kabisa, hata samaki wa kufuga hali. Alichukua donge la udongo nililompelekea kwenye mfuko, akalitemea maji kidogo, akalikanda kwa kidole gumba, kisha akalivingirisha pajani juu ya khanga mpaka likawa kama mnyoo, unene wa penseli. Akaukunja ule mnyoo uwe pete. Ukakatika vipande vitatu. Akanirudishia mfuko wangu, "mwanangu, huu wa kupigia lipu." Halafu akatoa wake, akaukunja pete, ukatulia bila hata ufa, akanivalisha kidoleni. Mpaka leo sijaona kipimo kizuri kama hicho.

Udongo wako ukikatika kama wangu bado kuna njia ya kuleta mfinyanzi kutoka nje, na huku kwetu aliyeturahisishia ni mchwa. Udongo wa kichuguu unashika vizuri ndo maana watu wanafyatulia tofali na kusiriba sakafu. Unauponda, unaulowanisha usiwe uji, unautandaza sakafuni na kwenye kingo tabaka la sentimita 15 hivi, unashindilia kwa gogo mpaka kisigino kisiache alama, unaweka tabaka la pili, mpaka unene ufike angalau sentimita 30. Wenye ng'ombe wanawapitisha mle ndani wazunguke kutwa nzima, kwato zinafanya kazi ambayo vijana wanne wangekudai hela. Ule mweusi wa mbuga nao unashika ila ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ko bwawa lake usiliache tupu kiangazi.

Shida ya udongo kwa mtu wa mjini sio kuvuja peke yake, ni nafasi. Kingo za udongo haziwezi kusimama wima kama ukuta, zitaporomoka mvua ya kwanza ya Novemba. Zinatakiwa zilale, kila mita moja ya kwenda chini unarudi ndani mita mbili. Sasa chukua shimo la shemeji lenye upana wa mita 4, ukitaka kina cha mita 1 na sentimita 20 kila ukingo unakula mita 2.4, pande mbili ni 4.8. Yaani kingo zinakutana kabla hujafika chini! Hapo unapata mfereji sio bwawa. Udongo unaanza kuwa na maana kwenye mita 10 kwa 8 kwenda juu, na mjini kiwanja chenyewe chote ni 20 kwa 25 na ndani yake kuna nyumba, choo na banda la kuku.

Sasa nailoni. Hii nyeusi ya kawaida ambayo mafundi wanatandika chini ya jamvi la nyumba, inauzwa kwa mita kwenye roli, bei yake ni rafiki sana na ndo inatuingiza wote mkenge. Mi nimeipitia. Shimo langu la pili nililitandika nailoni hiyo, nikajaza, nikaweka vifaranga vya sato 100, ikapendeza hata majirani wakaja kupiga picha. Mwezi wa tisa kiangazi kimekaza mbuzi wa jirani kakata kamba kaja kunywa, kateleza kaingia mzimamzima, na wakati anahangaika kutoka akachora ukingo kwa kwato kutoka juu mpaka chini. Tulimtoa, tukamkausha, tukamrudishia mwenyewe na maneno mazuri. Usiku saa nane nasikia vyura wamenyamaza. Natoka na tochi, maji yako kifundoni, sato wanapigapiga mikia kwenye tope, mume wangu na watoto tukaamka wote na mabeseni, tuliokoa kama 60 hivi. Mbuzi sikumlaumu, ningelaumu hela yangu ndogo.

Hata bila mbuzi, nailoni ile adui yake ni jua. Sehemu iliyo ndani ya maji inadumu, ile sentimita 20 ya juu kabisa inayopigwa na jua maji yakishuka inakuwa ngumu, inakatika kama ganda la yai. Mwaka mmoja, ukibahatika miwili. Panya nao wanaitoboa kutoka chini wakitengeneza njia zao, na mchwa sitashangaa. Kibaya zaidi haizibiki, gundi yoyote utakayopaka inabanduka kwa sababu ile plastiki haishiki gundi. Nailoni naishauri kwa mtu anayejaribu msimu mmoja tu aone kama samaki anawaweza, au kwa bwawa la udongo unaovuja kidogo, unaitandika halafu unaifukia kwa udongo wa sentimita 30 juu yake jua lisiione kabisa. Hapo inakaa. Ila kuiacha wazi halafu ukategemea ikupe samaki miaka mitano, hapana.

Turubai ndo nililonalo sasa hivi, mwaka wa nne. Na hapa muwe makini kwa sababu dukani kila kitu kinaitwa turubai. Kuna lile jepesi la kufumwa, la bluu au la kijani, ambalo watu wanaanikia mpunga, lile linachuja maji kama kitambaa baada ya muda, achana nalo. Kuna turubai zito la malori, PVC, ambalo ukilikunja linakaa kama ngozi, hilo ndo lenyewe. Halafu kuna laina za mabwawa za HDPE, yaani plastiki ngumu ya kutandika ndani ya bwawa, nyeusi, za nusu milimita mpaka milimita moja, zimetengenezwa zistahimili jua, zinadumu miaka 10 na zaidi zikitandikwa vizuri, ila ngumu kukunja kwenye kona za bwawa dogo na kuunganisha kwake kunataka mashine ya joto. Kwa uani naona PVC inatosha. Likichanika unasafisha, unakausha, unabandika kiraka cha turubai lilelile kwa gundi ya PVC, na mafundi wa turubai za malori wapo, wanakuunganishia vipande kwa joto ukiwapa vipimo.

Vipimo ndo watu wanakosea. Shimo la 6 kwa 4 mtu ananunua turubai la 6 kwa 4, anafika nyumbani linafunika sakafu tu kingo ziko uchi. Hesabu ni urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha nusu mita kila upande ya kufukia. Kina cha 1.2: 6 na 2.4 na 1 inakuwa 9.4. Upande wa pili 4 na 2.4 na 1, 7.4. Jumla kama mita za mraba 70. Ndo maana nasema kaa na kalamu kabla ya kwenda dukani.

Kutandika nako kuna mambo. Pitisha miguu peku shimo zima, kila kinachokuchoma kitachoma na turubai, toa mizizi, toa vigae. Tandaza kichanga chembamba halafu viroba vilivyochanwa au magunia ya zamani, wenye wakulima wa tumbaku nyumbani yale majuti ya kufungia tumbaku yaliyochakaa yanafaa sana. Tandika mchana jua likiwa kali, turubai linalainika. Usilivute likakaza kama ngoma, liache lilegee, maji yakiingia yenyewe yatalisukuma kwenye kona, we unapanga mikunjo tu. Pembeni zungushia kamfereji, fukia ncha, juu panga tofali jua lisipige ukingo. Wala usilitoboe chini kuweka bomba la kutolea maji, hapo ndo litaanzia kuvuja. Tumia mpira wa bustani, unaujaza maji, unaziba, ncha moja ndani ncha nyingine chini zaidi ya bwawa, maji yanajivuta yenyewe na uchafu wa sakafuni, yanaenda kwenye matembele. Hayo maji yana mbolea kuliko unavyofikiri, mchicha wangu wa mwaka jana watu walidhani naweka urea.

Turubai jipya lina harufu ya kemikali, lioshe, maji ya kwanza kaa nayo siku kadhaa uyamwage ndo uweke ya samaki. Na kama unajaza ya bomba, iwe ya bwawa la Igombe iwe haya ya Ziwa Victoria yaliyotufikia, yana klorini, ile dawa ya kusafishia maji, yaache wazi juani siku mbili tatu kabla vifaranga havijaingia.

Saruji. Hii watu wanaipenda kwa sababu inaonekana ya kiume, bwawa limenyooka, lipu inang'aa. Kwa 6 kwa 4 ile ile, kuta za mita 1.2 zinakula tofali za bloku za inchi 6 kama 240. Sakafu ya zege ya sentimita 10 inataka mifuko 15 au 16 ya saruji, kujengea mifuko 5 au 6, lipu ya ndani ya saruji moja kwa mchanga tatu yenye dawa ya kuzuia maji kama mifuko 10. Unaongea mifuko 30 hapo bado hujagusa nondo, mchanga, kokoto na fundi. Na fundi ndo kila kitu, maana aliyezoea kujenga ukuta wa nyumba hajui kwamba maji yanasukuma. Jirani yangu alijengewa na fundi wa namna hiyo, hakufunga mkanda wa nondo juu, maji yalipojaa kona ikafunguka kama kitabu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga usijenge kabisa, ule unavimba masika na kusinyaa kiangazi, zege lako litapasuka tu hata ungemwita nani.

Kitu kingine cha saruji ambacho hawakwambii, ikiwa mpya inaua. Maji yanakuwa makali kama ya majivu, mashavu ya samaki yanaungua, asubuhi unakuta wameelea wote. Jaza, kaa wiki moja au mbili, mwaga, sugua, jaza tena, mara tatu hivi. Wengine wanatumbukiza migomba iliyokatwakatwa iozee humo. Sasa kwa mtu wa kununua maji hebu piga hizo lita 24,000 mara tatu. Ila niseme ukweli, ukishavuka hapo, na fundi akiwa fundi kweli, bwawa la saruji utawaachia watoto, kuvua rahisi, kuosha rahisi, na ndo pekee unaloweza kuweka bomba la inchi 3 chini bila wasiwasi. Na kambale, ambaye usiku wa mvua anapanda ukingo anatembea mpaka jikoni, kwenye ukuta wima ambao maji yanaishia sentimita 30 chini ya ukingo anatulia.

Kuna na njia ya katikati ambayo mi ningeianza nayo kama ningerudi nyuma, unachimba nusu mita tu, udongo unaoutoa unafyatulia tofali au unanunua za kuchoma, unapandisha ukuta wa sentimita 70 kwa tope la kawaida, ndani unatandika turubai. Ukuta unabeba, turubai linazuia maji, saruji haiguswi isipokuwa kiduchu juu. Mbuzi haingii. Mtoto haingii kirahisi, na hili la watoto sio la utani, mita moja ya maji nyuma ya nyumba bila uzio ni hatari, weka wavu au miti. Matangi ya plastiki yaliyokatwa nusu pia yapo, ni madogo, ya kujifunzia tu.

Ndugu zangu wa Kigoma wao wananicheka, ziwa lote hilo unachimba shimo la nini. Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika miezi 3, Mei mpaka Agosti, wawili kati ya hao hao ndo walionipigia kuulizia turubai. Kwao wale wa mabondeni Kasulu huko, kwenye vijito na mfinyanzi, sina la kuwaambia zaidi ya udongo, wasinunue kitu.

Chochote utakachochagua ndani yake usijaze kama daladala. Bwawa la uani lisilo na pampu ya hewa weka sato 3 mpaka 5 kwa mita ya mraba, ko hilo la 6 kwa 4 ni 100 hivi, na wawe madume watupu la sivyo watazaliana ubaki na vidagaa. Kama unataka vifaranga vya uhakika, Igunga kuna kituo cha serikali cha Mwamapuli, au anza na afisa uvuvi wa halmashauri. Kwenye turubai na saruji ukitaka chakula cha bure kiongezeke, ning'iniza kiroba cha samadi kwenye kona, halafu zamisha mkono: kiganja kikipotea maji yakiwa kiwikoni, kijani kinatosha, toa kiroba. Ukisahau kukitoa hewa itaisha alfajiri utawakuta wanahema juu juu. Na ukihisi bwawa linavuja usianze kugombana na watoto kwamba wamechota, weka ndoo yenye maji pembeni ya bwawa kwa siku mbili, vyote vikishuka sawa ni jua, bwawa likishuka zaidi tafuta tundu.

Ko mtu wa mjini mwenye kiwanja cha kichanga, turubai zito, tena la kwenye ukuta mfupi kama nilivyosema. Mwenye hela ya kukaa, ardhi ngumu isiyotembea na fundi anayemwamini, saruji. Nailoni kwa kujaribia. Udongo kwa mwenye eneo na pete isiyokatika.

Shem salio lilirudi jana, akanitumia picha ya kashimo kake ka majaribio. Alijaza jioni, asubuhi yameshuka kidogo tu. Nikamwambia turubai la nini sasa, tanua hilo shimo liwe 10 kwa 8, laza kingo, tafuta ng'ombe. Kasema ng'ombe wapo, kichuguu kipo, ila kutanua upande ule atakutana na mwembe wa marehemu baba mkwe, na mizizi si unajua itapitisha maji. Nimemwambia asogeze bwawa, mwembe asiuguse, karamu ya harusi mi niliilia chini ya huo mwembe.